Mwuguzi, Mgonjwa wa Sukari, na Sisi

Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na waalimu katika sikukuu ya Jubilei



Tumeagizwa tuseme neno juu ya kuwatunza wagonjwa. Kazi hiyo ni kongwe katika pwani yetu. Wamisionari Wabenedikto walipofika Pugu mwaka 1888, masista walikuwa pamoja nao. Na misheni ile iliposhambuliwa Januari 1889, sista mmoja alikuwa miongoni mwa waliouawa. Basi, tangu mwanzo, waliotunza watu walikaa mahali pamoja na waliohubiri, wakapatwa na yaliyowapata.

Wengine watasema habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Sisi tumechagua jambo moja tu: mwuguzi wa hospitali aujua kadiri gani utunzaji wa mgonjwa wa kisukari, na sisi tulio nje ya hospitali yatupasa nini? Hatukulichagua kwa kuwa tu waganga, maana sisi ni waalimu wa dini tu. Tumelichagua kwa sababu ya deni, na deni hilo yatupasa kulikiri kwanza.

Katika jumuiya yetu alikuwako mama mmoja, umri wake miaka 52, muuza vitumbua, mtu wa sala. Alikuwa na kisukari, naye alijidunga insulini asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ya Juma Kuu alitujia baada ya Misa, akatuuliza, “Mwalimu, mimi mwenye sindano, Ijumaa Kuu nifunge?” Nasi tulijua vema kwamba Kanisa haliwafungi wagonjwa kwa sheria ya kufunga. Hata hivyo tukamjibu kwa wepesi, “Mama, siku moja haidhuru. Mungu atakutia nguvu.” Akaenda zake akifurahi.

Ijumaa ile akajidunga sindano yake alfajiri kama desturi, wala hakula kitu. Saa tisa mchana tulikuwa katika Njia ya Msalaba, jua kali, watu wengi. Mama yule akaanza kutetemeka, jasho likamtiririka, akasema maneno yasiyo na maana, akamsukuma binti yake aliyemshika. Mmoja akasema ni pepo, na mwingine akasema ni jua. Sisi tukaweka mkono juu ya kichwa chake tukasali, na kusali si kosa. Kosa ni kwamba hatukufanya neno jingine. Alipoanguka ndipo tulipomtia katika bajaji, tukamkimbiza katika hospitali moja ya mjini kwetu, ambayo hatutaitaja jina.

Pale tulipokelewa na mwuguzi kijana. Akasikia neno “kisukari”, akaona mgonjwa hajitambui, akasema, “Sukari imepanda,” akaenda kutafuta insulini. Alikuwa na haraka njema, kwa maana alitaka kuokoa. Lakini alikuwako mwuguzi mwingine, mama mtu mzima, akaita kutoka upande wa pili wa wodi, “Pima kwanza!” Wakamtoboa kidole, kipimo kikaonyesha 1.8. Sukari haikupanda, ilikuwa imekwisha kabisa katika damu. Kama angalidungwa insulini saa ile, tungalimzika siku ya Pasaka. Wakamtia maji ya sukari katika mshipa, na kabla dakika nyingi hazijapita akafumbua macho, akaulizia kapu lake.

Mama mwuguzi yule hakumkemea mwenzake mbele ya watu. Alimwita kando, akamweleza taratibu, kisha akatugeukia sisi. “Nani alimwambia afunge?” Tukanyamaza. Akauliza tena, nasi tukasema, “Ni sisi, mama.” Hakutulaumu. Alisema, “Mwalimu, hata mimi nilipoanza kazi sikulijua hili. Nilifundishwa na mgonjwa aliyetaka kufa mikononi mwangu. Haifai tufundishwe kwa njia hiyo.”

Ndugu, neno lile halijatutoka. Siku ile watu watatu walikuwa karibu kumwua mama mmoja: mwalimu aliyetoa shauri asilolijua, jamaa waliodhani ni pepo, na mwuguzi aliyeujua ugonjwa kwa jina lakini hakujua njia zake. Aliyemwokoa ni mmoja tu, yule aliyefundishwa. Basi maneno yetu yote ya leo ni haya: mgonjwa wa sukari huishi kwa maarifa ya watu walio karibu naye, na maarifa hayo hayaji yenyewe, lazima mtu afundishwe, na aliyefundishwa awafundishe wengine.

Sasa tuueleze ugonjwa wenyewe kwa ufupi. Chakula tunachokula, ugali, wali, muhogo, mkate, hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ndiyo kuni za mwili. Lakini haiwezi kuingia katika nyama za mwili pasipo insulini, maji yanayotoka katika kongosho. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho huacha kabisa kutoa insulini. Kwa wengine, na hao ndio wengi, insulini ipo lakini haitoshi au mwili hauisikii. Ndipo sukari hujaa katika damu: mtu aona kiu isiyokatika, aenda haja ndogo mara nyingi, akonda, achoka, macho yaingia ukungu. Akikaa hivyo miaka mingi bila matunzo, huharibika macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Zamani mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu alikufa, wala hapakuwa na dawa. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kuitoa insulini katika kongosho la wanyama, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa wa kwanza. Akaishi miaka mingine 13. Haki ya dawa ile iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, ili isiwe mali ya mtu. Lakini dawa inayoponya ikitumiwa vema huweza kuua ikitumiwa vibaya, kama tulivyoona Ijumaa ile.

Pengine mtauliza, kwa nini twasema juu ya mwuguzi, wala si daktari? Kwa sababu daktari hupita wodini, huandika, huenda kwa wagonjwa wengine. Mwuguzi ndiye akaaye. Yeye ndiye atiaye insulini katika sindano, aonaye kama uji wa mgonjwa umeliwa au umepoa kitandani, amwonaye akitoka jasho usiku wa manane, amfunguaye kidonda, na mwisho amwambiaye mgonjwa maneno ya kwenda nayo nyumbani. Akijua, mgonjwa naye atajua. Asipojua, mgonjwa atatoka hospitali na dawa mfukoni pasipo maarifa kichwani.

Na hapa yatupasa kusema kweli bila kumvunjia mtu heshima. Wauguzi wamepimwa maarifa yao juu ya kisukari katika nchi nyingi, na mara nyingi huonekana jambo moja: maswali juu ya maana ya ugonjwa na dalili zake huyajibu vizuri, lakini maswali juu ya kazi ya kila siku, yaani insulini, chakula, sukari inaposhuka, na miguu, huwashinda wengi. Tena mwaka 1989 huko Marekani wauguzi waliulizwa kwanza wajikadirie wenyewe, kisha wakapewa mtihani. Ikaonekana kwamba kujidhania na kujua havikwenda pamoja: waliojikadiria juu zaidi hawakuwa ndio waliojua zaidi. Waalimu wenzetu, neno hili lisitufanye tuwacheke. Ni mara ngapi sisi wenyewe twafundisha kwa sauti kubwa jambo tusilolichunguza?

Wala ukosefu huo si uvivu wao. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walitangaza habari za vijiji sita vya Tanzania walikopima watu: wenye kisukari hawakufika mmoja katika mia. Mwaka 2012 nchi ilipofanya uchunguzi wa watu wa miaka 25 hata 64, wenye sukari nyingi katika damu walikuwa karibu tisa katika mia. Njia na mahali havikuwa sawa kabisa, lakini kila mwenye macho aona kwamba ugonjwa umeongezeka, hasa mjini, ambako twakaa kutwa, twapanda daladala hata kwa mwendo mfupi, twanywa soda kama maji. Basi mwuguzi aliyesoma zamani alifundishwa kwa bidii malaria, kuhara, na kuzalisha, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyojaza wodi. Kisukari alikisoma kurasa chache. Sasa wagonjwa wa sukari wamemjia kwa wingi huko Temeke, Mwananyamala na Amana, naye ana vitanda vingi na mikono miwili tu.

Hebu tutaje mambo matatu ambayo maarifa ya mwuguzi huyaamua kuwa uzima au mauti.

La kwanza ni insulini na chakula. Vitu hivi viwili ni kama ng'ombe wawili wa nira moja. Mmoja akitangulia, jembe hupinduka. Katika hospitali zetu mara nyingi jamaa ndio waletao chakula. Sindano hudungwa saa kumi na mbili asubuhi, na chakula kimo njiani katika foleni ya barabara ya Kilwa. Mwuguzi ajuaye huuliza kabla ya kudunga, “Umepima? Chakula chako kiko wapi?” Tena ajua kwamba insulini hupimwa kwa sindano yake yenyewe, yenye alama za yuniti 100 katika mililita moja, wala si kwa sindano yoyote, kwamba ile yenye rangi ya mawingu huviringishwa taratibu katika viganja, haitikiswi kwa nguvu, kwamba mahali pa kudunga hubadilishwa, tumboni, pajani, ili nyama isifanye uvimbe, na kwamba chupa ambayo haijafunguliwa hukaa mahali pa baridi lakini isigande.

La pili ni kutofautisha sukari iliyoshuka na sukari iliyopanda. Sukari ikishuka chini ya 4 katika kipimo chetu, mtu hutetemeka, hutoka jasho, husikia njaa, huchanganyikiwa, na huweza kuzirai upesi. Akiwa bado aweza kumeza, apewe sukari saa ile ile: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, baada ya dakika 15 apimwe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asitiwe kitu kinywani, maana kitamsonga, akimbizwe hospitali. Lakini sukari iliyopanda sana kwa ukosefu wa insulini huja polepole: kiu, kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito za haraka, na kinywa chenye harufu kama ya matunda. Mtoto wa namna hii hudhaniwa ana malaria au kichomi, na siku mbili zikipita katika dawa isiyo yake, amekwisha kufa. Mwaka 1990 waganga walitangaza habari za wagonjwa waliotunzwa Dar es Salaam tangu 1981 hata 1987. Na miongoni mwa waliohitaji insulini, hatari hiyo ya kukosa insulini ilikuwa sababu kubwa ya vifo. Na dawa ya kutofautisha hali hizi mbili ni neno lile la mama mwuguzi: pima kwanza.

La tatu ni mguu. Mishipa ya fahamu ikifa, mguu hausikii mwiba, wala kaa la moto, wala kiatu kinachobana. Hapa mjini kwetu Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa sukari walioumwa miguu na panya usiku, wao wamelala wala hawakusikia. Asubuhi waliona damu kitandani. Jambo hili lilitokea katika nyumba kama zetu. Basi katika miaka iliyofuata 2000 ilianzishwa kazi iliyoitwa Hatua kwa Hatua, ambayo daktari na mwuguzi wa mahali pamoja walifundishwa utunzaji wa miguu wakiwa wawili wawili, kisha wakarudi kwao kuwafundisha wengine. Habari zake zilipoandikwa mwaka 2011, zilionyesha kwamba pale walipofika watu hao vidonda vilitunzwa mapema, na miguu iliyokatwa ikapungua. Angalieni, ndugu: haikuletwa mashine kubwa. Yaliletwa maarifa, nayo yakatiwa katika kichwa cha mwuguzi pia, si cha daktari peke yake. Nasi Wakristo twajua ni nani aliyewatuma wanafunzi wake wawili wawili.

Basi, yatupasa nini?

Kwanza, waalimu wa dini tusitoe ruhusa tusiyokuwa nayo. Mgonjwa wa sukari akiuliza juu ya kufunga, jibu letu ni hili: Kanisa halikufungi, na Mungu hataki ufe, toa sadaka nyingine, katika ulimi, katika huruma, katika fedha kidogo kwa maskini. Wala mtu asimwambie mgonjwa aache insulini kwa kuwa ameombewa. Amwambiaye hivyo ajue amechukua uhai wa mwenzake mikononi mwake. Sala na sindano hazigombani.

Pili, jumuiya ziwajue wagonjwa wao. Jirani ajue kwamba fulani ana kisukari, na sukari iwekwe wapi nyumbani mwake. Alazwapo hospitali, chakula chake kitangulie saa ya sindano, wala kisicheleweshwe na mazungumzo. Asiye na friji afundishwe kutunza chupa katika chungu cha udongo kilichowekwa juu ya mchanga wenye maji, kivulini. Kila jioni mtoto wa nyumba aitazame miguu ya bibi yake, chini na katikati ya vidole, na maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, si kwa mguu.

Tatu, waalimu wa shule. Mtoto aombaye ruhusa ya kwenda haja mara nyingi, anywaye maji bila kushiba, na kukonda, asichapwe wala kuchekwa, apelekwe kupimwa. Naye aliye na insulini apewe nafasi ya kula saa yake.

Nne, tuwaheshimu wauguzi kwa kuwauliza. Wengi wetu twaingia hospitali kwa kelele au kwa woga, na njia zote mbili hazina faida. Tuulize kwa adabu, “Mama, dawa hii hufanya kazi gani? Nile lini? Nikitetemeka nifanye nini?” Mwuguzi ajuaye atafurahi. Asiyejua atakwenda kuuliza, na kesho atajua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba swali la mgonjwa humfundisha hata mwenye kufundisha. Na mwuguzi mwenyewe asione haya kusema, “Sijui, ngoja niulize.” Neno hilo huokoa watu kuliko kujidhania.

Tano, wamo wauguzi katika parokia zetu, wakiketi nasi katika viti vile vile. Tuwape Jumapili moja baada ya Misa, watufundishe. Na ikiwa wanahitaji kitabu, au nauli ya kwenda kwenye mafunzo ya kisukari, tusione taabu kuchangia. Twachangia kengele na mapazia ya altare, na hayo ni mema. Lakini Msamaria wa Injili hakumpita aliyeumizwa ili awahi hekaluni. Alimfunga vidonda, akalipa gharama, akaahidi kurudi. Kumlipia mwuguzi mafunzo ni kulipa gharama ya nyumba ile ya wageni.

Mama yule bado yu hai. Bado auza vitumbua, ingawa yeye havili. Mwaka uliofuata, katika Juma Kuu, alitujia tena baada ya Misa, akacheka, akasema, “Mwalimu, mwaka huu sikuulizi wewe, nimekwisha kumwuliza mama mwuguzi.” Tukamwambia amefanya vema. Na mwuguzi kijana yule, tulimwona siku nyingine tulipokwenda kumtazama mgonjwa mwingine. Alikuwa amesimama na wanafunzi wawili wa uuguzi karibu na kitanda, akiwafundisha. Hatukusikia yote aliyosema, ila neno la kwanza tulilisikia wazi: “Pima kwanza.”

Mungu awabariki wauguzi wetu, awape maarifa na uvumilivu. Awape wagonjwa nguvu. Nasi atupe unyenyekevu wa kufundishwa. Amina.